Uliza Shangazi: Sabato ya mgeni, changu wa kupaka, na mzee aliyeaga Jumamosi asubuhi

Mwezi huu nimepata barua tatu na zote zinagusa Wayahudi, mbili za hapa Tanga mjini na moja ya Pangani, nikaona niziweke pamoja. Wanaonijua wanajua kabla sijarudi Ngamiani nilifanya kazi miaka sita kwa familia moja ya Kiyahudi Nairobi. Jamii yao ipo pale tangu 1904 na wana sinagogi yao mjini. Kwa hiyo haya ntayosema mengine nimeyaona kwa macho, mengine alinifundisha mama mwenye nyumba jikoni huku tunachambua mchele. Mi sio rabi, yaani mwalimu wao wa dini na sheria, kwa jambo zito mtu amuulize rabi wake.

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko mapokezi kwenye gesti moja huku Raskazone. Ijumaa tulipata wageni mke na mume, Wayahudi, wakanambia mpaka kesho usiku hawashiki swichi, simu wala hela. Saa tatu usiku baba akatoka koridoni akasema "chumbani kwetu leo joto kwelikweli", nikamwambia pole baba, akarudi zake. Asubuhi mama katoka macho mekundu, feni haikuwashwa usiku kucha. Si angenambia tu niwashe? Na hii Sabato ndo ile ya Wasabato?

Marahaba mwanangu. Alikwambia, ila alikwambia kwa fumbo, na sisi watu wa kanga ndo tulitakiwa tuwe wa kwanza kulishika. Iko hivi, sheria yao haimkatazi Myahudi tu kufanya kazi siku ya Sabato, inamkataza pia kumtuma mtu asiye Myahudi amfanyie. Akisema "washa feni" amekutuma. Akisema "chumbani joto" ametaja hali ya chumba, wewe ukiamua kuinuka ni uamuzi wako. Marabi hawapimi sawa fumbo linafika wapi, wapo wanaolegeza penye taabu ya kweli kama joto la kukosesha mtu usingizi na wapo wanaokaza, ndo maana yule baba alisema mara moja tu akarudi, hakutaka kukusukuma. Siku nyingine muulize Ijumaa mchana, "usiku feni iwe vipi?", mambo yote yanaisha hapo.

Siku ni ileile ya Wasabato, Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi usiku, ila namna ya kuishika ni tofauti sana. Mtu wa pwani hapati tabu kuelewa kwa nini inaanza Ijumaa jioni, hata sisi siku yetu inaingia magharibi, tukisema usiku wa kuamkia Jumamosi tunajua ni usiku gani. Mama huwasha mishumaa dakika 18 kabla ya jua kuzama, na Tanga jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo kutegemea mwezi, basi kuanzia saa kumi na moja usimsumbue mgeni na fomu. Inatoka Jumamosi zikionekana nyota tatu.

Kazi zilizokatazwa ni 39, wamezihesabu wazee wao zamani sana kutokana na kazi zilizojenga lile hema la ibada jangwani: kulima, kusuka, kuandika, kupika, kuwasha moto, kuzima moto, kutoa kitu ndani kukipeleka njiani na kadhalika. Swichi ya taa inahesabiwa pamoja na moto. Nilipoanza kazi kule Nairobi Ijumaa moja mchana nilimkuta mama kafungua friji ananyonga balbu ya ndani anaitoa, nikadhani imeungua, kumbe anaitoa ili kesho wakifungua mlango kuchukua maji isiwake. Taa za sebuleni zilikua na taima, inawasha yenyewe inazima yenyewe, imetegwa tangu Ijumaa. (Hiyo taima ikumbuke, itarudi kwenye barua ya tatu.)

Kwa gesti yako: wape chumba cha chini na funguo ya kawaida sio ya kadi, malipo yaishe Ijumaa asubuhi, na usiwapangie kutoka Jumamosi mchana. Taa ya chooni waulize wenyewe kama iachwe inawaka, na ikishaachwa mhudumu asiende kuizima eti anaokoa umeme. Ukiwasha taa ya koridoni kwa shughuli zako wewe, unafagia, wanaruhusiwa kuona kwa mwanga wake.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Mgeni akianguka, akibanwa kifua, akipata homa kali, hakuna fumbo hakuna Sabato, piga simu, washa gari, na yeye mwenyewe sheria inamlazimisha apande. Hata ikiwa ni wasiwasi tu kwamba maisha yako hatarini inatosha. Wanasema amri zimetolewa mtu aishi kwazo, sio afe kwazo, na kitabu chao cha sheria kinasema anaekwenda mbio kuokoa siku ya Sabato ndo wa kusifiwa, anaekaa kwanza kuulizia ruhusa ni kama kamwaga damu. Na kuna moja mama alinambia nikaweka mkono mdomoni: mwanamke akijifungua usiku wa Sabato anawashiwa taa hata kama ni kipofu. Haoni, wanajua haoni, ila moyo wake unatulia akijua wanaomsaidia wanaona, na mzazi akitulia anapona.

SWALI: Mimi ni mama lishe, gesti jirani wananipa tenda ya chakula. Wageni wao Wayahudi walikataa pweza wangu wa nazi na kamba, wakala machungwa tu siku mbili. Niwapikie nini?

Machungwa ya Muheza ni chakula kizuri, usione vibaya. Samaki wao lazima awe na mapezi na magamba, kwa hiyo pweza, ngisi, kamba, kaa, papa na taa wote nje. Changu ndani. Mnunue mzima na usimpare, muache mgeni ayaone magamba kwa macho yake. Tui la nazi sio maziwa hata kwao, changu wa kupaka hana tatizo, maziwa ya ng'ombe ndo hawachanganyi na nyama. Shida kubwa ni sufuria, yako imeshapika kamba na haiwezi kuwafaa, hivo nunua sufuria mpya na kisu kipya viwe vyao, na muombe mgeni mwenyewe ndo awashe jiko, maana wengi wanataka Myahudi awe na mkono wake kwenye upishi. Awashe kabla ya Ijumaa jioni lakini.

SWALI: Shangazi, mimi ni mlezi wa wagonjwa majumbani, niko Pangani. Nilikua namlea mzee Myahudi, mstaafu, saratani ya ini, hospitali walimrudisha nyumbani wakasema dawa ya maumivu tu. Watoto wako Ulaya, kaka mtu anasema asiwekwe kwenye mashine yoyote, dada mtu anasema dripu isitolewe, wananipigia kila mmoja na lake. Usiku wa kuamkia Jumamosi akawa hajitambui, anavuta pumzi, anakaa, anavuta nyingine. Sikuwapigia, wote wanashika Sabato. Asubuhi jirani anapasua kuni, shoka paa, paa, na kila likilia mzee anashtuka. Nikatoka nikamwambia kaka naomba upumzike kidogo. Narudi, sijakaa vizuri, mzee kaenda. Majirani wakataka aoshwe azikwe mchana uleule nikakataa, nikamfunika shuka nikakaa nae mpaka Jumapili walipokuja watu wa Nairobi kumchukua. Sasa mwenzangu mmoja ananambia mimi ndo nimemuua, lile shoka lilikua linamshikilia, na simu ningepiga. Silali shangazi.

Mwanangu hujamuua. Nilivoisoma barua yako nilinyanyuka nikazunguka uani kwanza, kwa sababu hicho ulichofanya kimeandikwa, hasa hichohicho, na shoka lake.

Alikuwepo rabi mmoja mji wa Kraków kule Poland, Moshe Isserles, kafariki 1572, na maneno yake mpaka leo yamechapwa pamoja na kitabu kikuu cha sheria zao. Anasema mtu aliyefika kukata roho ni haramu kumharakisha, hata kumvuta mto chini ya kichwa ili aende upesi hairuhusiwi. Wazee wa kabla yake walimfananisha na mshumaa unaotaka kuzimika, ukiugusa tu umezimika. Ila papo hapo anasema, kukiwa na kitu cha nje kinaizuia roho isitoke, kama kelele ya kugonga karibu na nyumba, mfano mpasua kuni, inaruhusiwa kukiondoa, maana hapo hujamgusa mtu, umeondoa kizuizi tu. Mpasua kuni, mwanangu. Sasa mwenzako hata akiwa kweli, kwamba shoka ndo lilimshikilia, bado kwa sheria ya mzee mwenyewe hukukosea.

Na kuna kisa cha zamani zaidi kwenye Talmudi, kitabu kikubwa cha mafundisho ya marabi wa kale. Rabi Yehuda, mkubwa wao kabisa enzi zake, alikua anaumwa tumbo vibaya, wanafunzi wake wakafunga wakawa wanaomba bila kukata ili asife. Alikuwepo mtumishi wa kike wa nyumba ile. Mwanzo na yeye alipanda juu ya paa kumuombea aishi. Halafu akaona mara ngapi bwana wake anakwenda chooni, anavua vile visanduku vya ibada vya kichwani na mkononi anavivaa tena, na kila mara ni mateso, akabadilisha dua, akaomba aende. Wanafunzi hawanyamazi. Akachukua mtungi akauangusha toka juu, wakashtuka kwa kishindo, wakanyamaza kidogo tu, na roho ikatoka. Yule mwanamke hajalaumiwa hata neno moja, marabi wanamtaja kwa heshima mpaka leo. Hakua msomi wa pale, alikua mlezi, alikua ndo anaemuona mgonjwa kwa karibu, kama wewe ulivomuona wako anashtuka kila shoka likilia.

Hao ndugu wawili usiwaone kama walikua wanapingana, kila mmoja kashika upande wake wa sheria hiyohiyo. Maji na chakula marabi wengi hawaviiti dawa, hata anaekufa hanyimwi, isipokua vikiwa vinamzidishia madhara, ndo maana dada mtu akang'ang'ania dripu. Mashine ni jambo lingine, kutomuweka mgonjwa wa mwisho kwenye mashine asiyoitaka kunaruhusiwa, kuja kuizima ikishamshika ndo kuna ugumu mkubwa. Israeli walitunga sheria ya mgonjwa anaekaribia kufa mwaka 2005, daktari haruhusiwi kuzima mashine ya kupumulia inayoendelea, lakini sheria imeacha nafasi ya kuiwekea taima, muda ukifika isimame yenyewe, hapo ndo wanauliza upya kama mgonjwa anataka iendelee. Taima ileile ya taa za sebuleni kwa mama yangu wa Nairobi. Nilipoelewa hilo niliacha kabisa kuziona zile taa kama kero za watu wa dini.

Kuhusu simu, kungekua na kitu cha kuokoa ungepiga na wangepokea, Sabato inavunjwa. Hapakua na cha kuokoa. Mimi ningefanya hivohivo.

Na kwa maiti ulifanya kama mtu aliyefundishwa. Jumamosi hawaziki. Wanaosha wenyewe, wana kundi lao la kazi hiyo, wanaume kwa wanaume, kwa maji mengi, halafu sanda nyeupe ya kawaida, tajiri na masikini sawa. Majirani usiwalaumu, haraka yao ya kuzika ni ya Wayahudi pia siku nyingine zote. Na maiti kwao haiachwi peke yake hata dakika moja mpaka inazikwa, wanaweka mtu wa kukaa nayo. Mtu huyo ulikua wewe, na yule dada mtu, binti wa mzee, hajui.

Kufiwa na mzazi kwao ni mwaka mzima, siku saba za kukaa chini nyumbani jirani analeta chakula kama matanga yetu, halafu 30, halafu miezi inayobaki. Kwa hiyo bado yumo. Mpigie umueleze yote, zile pumzi, shoka, kaka wa jirani aliyeweka shoka chini bila kuuliza, shuka ulilomfunika, na kwamba ulikaa. Piga katikati ya wiki, isiwe Ijumaa jioni, maana hatapokea na wewe utarudi kuwaza.