Simu inaingia Wi-Fi, laptopu inagoma
Dada wa Shangani uliyeuliza, kama simu inaingia lakini laptopu yako ya Windows 7 inakataa nywila ileile, ruta mpya huenda imewekwa WPA3, aina ya ulinzi wa Wi-Fi. Ulinzi huo ulitangazwa 2018. Windows 7 haiujui kabisa. Kwenye kivinjari cha simu fungua 192.168.1.1 (anwani kamili angalia karatasi iliyobandikwa chini ya ruta), ingia usalama wa Wi-Fi, chagua WPA2-PSK (ulinzi uliotangulia WPA3) na AES (njia ya kuficha data). TKIP, njia ya zamani ya kuficha data, iache, ni dhaifu na inabana kasi kwenye 54 Mbps. Kisha laptopu ifutie mtandao uliohifadhiwa, uunganishe upya. Ikigoma bado, andika nywila kwenye Notepad uione kwa macho: O kubwa na sifuri hupotosha wengi. Nywila yenyewe usiiondoe hata kwa majaribio, tafadhali.