Mafuta yangu "hayana kolesteroli", mbona nimekutwa nayo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, miaka 43, na mwili sina. Nimepima, LDL (ile kolesteroli mbaya) imesoma 5.6. Nyumbani tunapikia mafuta ya chupa yaliyoandikwa "hayana kolesteroli". Nimeandikiwa atorvastatini ya kuishusha, ila jirani ananiambia ukianza vidonge hivyo huviachi, bora ndimu na kitunguu saumu. Kaka yangu alifariki ghafla kwa moyo akiwa na miaka 46. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba baba, na pole kwa msiba. Hiyo chupa nimeichoka. Mafuta ya mmea hayana kolesteroli ya kuhesabika, yawe ya nani. Ni kama kuuza maji ukayasifu hayana mifupa. Kolesteroli nyingi hutengenezwa na ini lako mwenyewe, na mafuta mgando hulifanya ini lizembee kuiondoa kwenye damu. Mgando ni samli, ngozi ya kuku, mawese na (najua naandikia Tanga) nazi. Mafuta ya nazi ni mgando kwa zaidi ya asilimia 80, ya alizeti ni kama 11 tu. Wali wa nazi wa Ijumaa sikunyimi. Ila maharage ya nazi asubuhi, samaki wa nazi mchana, mihogo ya nazi usiku, hapana. Maharage yenyewe ni mazuri kwako, yaungwe kwa nyanya na alizeti kidogo.

Kilichonishtua zaidi ni habari ya kaka. LDL ikipita 4.9 na ndugu wa damu akaondoka mapema kwa moyo, tunashuku urithi, na wembamba haukingi. Hapo mlo peke yake hautoshi. Jirani hajakosea: wengi huvimeza maisha yao yote, kwani ukiacha LDL hupanda tena. Lakini ndimu haizibui mshipa, na kitunguu saumu hakiwezi kuishusha 5.6 ikafika panapotakiwa.

Meza dawa kila siku. Misuli ikiuma bila kazi nzito, au mkojo ukigeuka kahawia, wahi hospitali. Pima tena baada ya miezi 2 au 3, umweleze daktari habari ya kaka, na umwombe akupime tezi ya shingo, maana ikilegea nayo hupandisha LDL. Watoto wako, na wa marehemu, wapimwe pia. Wasingoje dalili, kolesteroli haina.