Kwa Wanaoanza Kuchora Boti za Tanga

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea mchoro wa boti ya tanga ya plaiwudi, urefu wa mita 6, anayokusudia kuvukia kutoka Mwanza hadi Bukoba. Tanga limetiwa rangi na jina la chombo limeandikwa ubavuni, lakini jedwali la uzito halimo. Huyu ni wa tatu mwaka huu, wadogo zangu, nami nimechoka kusema kwa mdomo.

1. Uzito hutangulia umbo. Boti yangu ya kwanza niliipigia hesabu ikiwa tupu, kana kwamba ingesafiri peke yake. Mchoro ulitaka plaiwudi ya milimita 6. Dukani nikakuta ya milimita 9, nikainunua kwa furaha, nikijiambia kuwa unene haujawahi kumdhuru mtu. Kila plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ikaongeza karibu kilo 5, nami nilitumia 30. Chombo cha ukubwa ule huzama sentimita moja kwa kila kilo 70 hivi. Siku ya kukishusha majini pale Igombe, Mwanza, tulipanda watu wanne, pamoja na madumu matano ya maji ya lita 20, na yale matundu ya kutolea maji sehemu ya kukaa, niliyoyatoboa sentimita 5 juu ya mstari wa maji, yakashuka chini yake. Maji yakaanza kupanda kupitia humo, polepole, bila kelele, hadi yakavifikia viatu vya ngozi vya baba mkwe wangu, aliyekuwa mgeni rasmi. Nikaziba tundu moja kwa kofia na jingine kwa kisigino, huku nikiendelea kumweleza habari za mlingoti. Mvuvi wa dagaa aliyekuwa akianika nyavu akaniuliza kwa upole: "Fundi, hayo matundu yanatoa maji au yanaleta?" Baba mkwe hajapanda boti yangu tena.

2. Michoro ya baharini isomeni kwa tahadhari: maji ya ziwa ni mepesi kuliko ya bahari kwa takribani asilimia 2.5, hivyo chombo kilekile huzama zaidi huku.

3. Plaiwudi hukubali kukunjwa mwelekeo mmoja tu kwa wakati mmoja, kama kartoni. Jaribuni umbo kwa kartoni kwanza.

4. Chemsheni kipande kabla ya kununua, na kikiachana tabaka, rudini dukani. Kingo zote zinywe epoksi (gundi ya kuchanganya inayozuia maji), kwa kuwa maji baridi huozesha mbao upesi kuliko ya chumvi.

5. Tanga liwe na safu mbili za kamba za kulikunjia ili lipungue upepo ukizidi, maana dhoruba za ziwa hupenda usiku.

Yule kijana nimemtuma aazime mzani wa dagaa, apime kila kitu kitakachopanda. Jana amepiga simu kuuliza kama nanga nayo inahesabiwa. Nimemjibu kwamba inahesabiwa, pamoja na mnyororo wake, na yeye mwenyewe akiwa ameshiba.