Re: Marsabit hadi Turbi kwa siku moja

Kaka, umeuliza kama watu wanane wanaweza kutoka Marsabit hadi Turbi, kaskazini mwa Kenya, kwa baiskeli kwa siku moja. Wanaweza. Ni zaidi ya kilomita 100, lami mpaka mwisho, na mwanzo ni mteremko wa mlima.

Kila mtu huogopa jua. Mimi nauogopa upepo. Hutoka kusini-mashariki, hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, na hushika kasi usiku na alfajiri. Mkielekea kaskazini utawapiga ubavu wa kulia, kidogo kwa nyuma. Kwa hiyo msifuatane mstari mmoja kama siafu! Kila mmoja akae kushoto kidogo ya gurudumu la aliye mbele yake, hapo ndipo penye kinga. Ila mkiwa wanane, wa nyuma ataishia kwenye changarawe, basi gawanyikeni wanne wanne. Wa mbele anakuwa karibu na katikati ya barabara, kwa hiyo wa mwisho apige kelele lori likija. Badilishaneni kila dakika kumi.

Maji: lita sita kila mtu, na mjaze tena Bubisa. Baada ya hapo ni jangwa la Dida Galgalu, mawe meusi ya volkano na hakuna kivuli hata cha mbuzi. Bebeni ORS, zile chumvichumvi wanazopewa wanaoharisha, msicheke: jasho nalo hutoa chumvi.

Tyubu mbili kila mmoja. Miiba ya migunga sisi ilitupa pancha tano kabla ya saa nne asubuhi.