Della na Jim hawakuwa wajinga

Mi sikubaliani na wewe unaposema Della na Jim, wale mke na mume maskini kwenye "The Gift of the Magi", ile hadithi ya 1905 ya mwandishi Mmarekani O. Henry, walikuwa wajinga, eti zawadi zote mbili walizopeana Krismasi zimeishia kukosa kazi. Angalia kwanza hali yao, mshahara wa Jim umeshuka toka dola 30 kwa wiki mpaka 20 na kodi ya nyumba peke yake inakula 8, Della ana dola 1 na senti 87 alizobana kwa kubishana bei na muuza mboga na muuza nyama mpaka anaona aibu, sasa mtu wa hivyo anakata nywele zinazomfika chini ya magoti anauza dola 20 amnunulie mumewe cheni ya saa, na mume naye hiyo saa ya baba na babu yake keshaiuza apate vitana vya nywele ambavyo mkewe alikuwa anavitamani kwenye dirisha la duka mtaa wa Broadway, New York, siku zote! Hasara iko wapi jamani? Nywele zitaota. Saa ndo hairudi, kwa hiyo kwangu Jim ndo katoa zaidi, na bado hakulalamika, kajitupa kwenye kochi, mikono kisogoni, katabasamu akamwambia mkewe abandike nyama wale.