IP ya 169.254 maana yake nini
Mkuu, umeuliza kama ile IP (namba ya anwani ya kompyuta kwenye mtandao) inayoanza na 169.254 imetoka kwa ruta. Hapana, haijatoka kwa ruta, kompyuta imejipa yenyewe. Windows ikiomba anwani kwa DHCP (huduma inayogawa anwani za IP, kwa kawaida iko kwenye ruta) isijibiwe inajichagulia moja kwenye hilo kundi, ndo maana printa na mashine zingine huzioni hata kama alama ya mtandao inaonekana iko poa.

Kabla hujagusa setingi yoyote angalia waya kwanza, taa za pale kwenye poti zinawaka? Kama hamna taa badilisha waya au hamia poti nyingine ya swichi (kile kisanduku cha kuunganishia nyaya za mtandao), mi nimeshapoteza siku nzima naformati mashine ya watu kumbe kile kijino cha plagi kimekatika waya unajichomoa taratibu. Taa zikiwaka fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) andika ipconfig /release halafu ipconfig /renew, ikigoma zima ruta kama nusu dakika uiwashe tena.

Ila kama vifaa vyote vinapata 169.254 basi acha kuhangaika na kompyuta, huenda DHCP ya ruta imezimwa au anwani zimeisha. Na ukishapata IP ya kawaida, mfano 192.168.1.20, afu bado mashine nyingine haikuoni, hapo mara nyingi ni fayawoli (ulinzi wa Windows unaozuia mashine zingine kuingia), nenda kwenye setingi za mtandao utoe Public uweke Private. Private iwe kwa mtandao unaouamini lakini, sio wifi ya kila mtu.