Pundamilia na swala uzio mmoja?

Ndugu, umeuliza kama pundamilia dume, mbuni na swala pala wanaweza kukaa uzio mmoja. Mbuni hana shida sana, ila dume lake likiwa na mayai usilisogelee ovyo. Wasiwasi wangu ni huyo pundamilia: anaweza kuelewana na swala wakubwa mwaka mzima, kisha siku mtoto anazaliwa akamng'ata na kumkanyaga mpaka afe. Kwa hiyo majike wenye mimba watenge mapema, na acha mwanya ambao swala anapenya, pundamilia hapiti. Nyumbu usimwongeze kama jirani zako wanafuga. Hubeba virusi visivyomdhuru yeye lakini vinaua ng'ombe. Ndiyo maana Wamasai huondoa mifugo yao malishoni nyumbu wanapozaa.